Kuingia, Kudumu na Kuhitimu: Historia ya Chuo Kikuu cha Dodoma na Maana Yake kwa Mkiwa

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa kwa hati idhini iliyotiwa saini mwezi Machi 2007 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwezi Septemba mwaka huohuo, ndicho chuo kikuu kikubwa cha umma kilicho karibu zaidi na Mkiwa, kata ya Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, ambako barabara ya Itigi, Rungwa na Mbeya huachana na barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Singida na Mwanza. Kwa vijana wa Mkiwa na vijiji vinavyoizunguka, ambao wazazi wao huishi kwa alizeti, mtama, uwele, kuku na ng'ombe, kuanzishwa kwa chuo hicho kulileta elimu ya chuo kikuu cha umma katika kanda ya kati, eneo ambalo kwa miaka mingi liliitazama Dar es Salaam kuwa ndiyo mlango mkuu wa shahada. Historia ya taasisi hiyo imezoea kusimuliwa kwa majengo, ekari na idadi ya waliodahiliwa. Simulizi hii inaifuata kwa njia nyingine: inatazama ni kwa namna gani mwanafunzi aliyeingia alidumu masomoni, na ni mambo gani yaliyomwezesha au kumzuia kuvaa joho siku ya mahafali.

Maneno mawili yanahitaji kufafanuliwa mapema. Kiwango cha kudumu masomoni ni sehemu ya wanafunzi walioanza mwaka fulani wa masomo ambao wanaendelea nao katika mwaka unaofuata. Kinyume chake ni mdondoko, neno linalotumiwa na maofisa elimu wa Tanzania kwa wanafunzi wanaoacha masomo kabla ya kuyamaliza. Kiwango cha kuhitimu ni sehemu ya wanafunzi wa mkupuo mmoja, yaani wote walioingia chuoni katika mwaka mmoja wa udahili, ambao wanapata shahada zao ndani ya muda uliowekwa. Vipimo hivyo viwili vinategemeana, kwa kuwa hakuna anayehitimu bila kudumu. Hata hivyo havifanani, kwa sababu mwanafunzi anaweza kudumu chuoni kwa miaka mingi akirudia mitihani na kuahirisha masomo, kisha akaondoka bila shahada.

Urithi kutoka Mlimani, 1961–2005

Dodoma haikuanza katika uwanja mtupu. Elimu ya juu ya umma nchini ilianza mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, pale Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikiwa na Kitivo cha Sheria peke yake na wanafunzi wasiofika 15, katika jengo la chama cha TANU lililokuwa Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 chuo hicho kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima ambacho umma umekizoea kwa jina la Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea. Katika miaka hiyo ya mwanzo taifa lilihitaji wataalamu kwa dharura, wanafunzi walikuwa wachache, serikali ililipa ada, chakula na malazi, na kila mhitimu alisubiriwa na ajira; kwa hiyo sababu za kiuchumi za kuacha masomo hazikuwa na nguvu kubwa kama zilivyokuja kuwa baadaye.

Hata hivyo, miaka hiyo ilionyesha kwamba mwanafunzi mwenye alama nzuri na gharama zilizolipwa anaweza kukatishwa masomo na uamuzi usiohusiana na darasa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa sehemu kubwa ya mshahara katika kipindi cha utumishi, na Rais Julius Nyerere akaamuru waandamanaji warudishwe makwao. Zaidi ya wanafunzi 300 waliondolewa, idadi iliyokuwa sehemu kubwa ya chuo kizima cha wakati huo. Wengi wao walikubaliwa kurejea mwaka uliofuata. Mwezi Machi 1978 mamia ya wanafunzi walifukuzwa tena baada ya maandamano ya kupinga nyongeza ya maslahi ya viongozi, na mwezi Mei 1990 chuo kilifungwa na wanafunzi wakarudishwa nyumbani hadi mwanzoni mwa 1991. Kwa mkupuo uliokuwa chuoni wakati huo, kufungwa huko kulimaanisha kuchelewa kuhitimu hata kwa mwanafunzi ambaye hakuwa amefeli somo lolote.

Azimio la Musoma la mwezi Novemba 1974 liliathiri muundo wa mikupuo kwa namna tofauti. Azimio hilo la Halmashauri Kuu ya TANU lilielekeza kwamba kijana anayemaliza kidato cha sita afanye kazi kwa muda kabla ya kuingia chuo kikuu, na aje na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Nia ilikuwa kupata wanafunzi waliokomaa na wanaoujua umma wanaokwenda kuutumikia, lakini katika utekelezaji idadi ya wanawake waliojiunga ilishuka, kwa kuwa miaka ya kusubiri iliangukia katika umri ambao wengi wao waliolewa na kuanza kulea watoto. Kabla ya muongo huo kwisha sharti hilo lililegezwa kwa wanawake. Fundisho lililobaki ni kwamba kanuni moja inayowahusu wote inaweza kuwaelemea baadhi kwa uzito mkubwa zaidi, na kwamba chuo hakiwezi kuliona jambo hilo kama hakihesabu wanafunzi wake kwa makundi.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya uchumi kudhoofika na serikali kupunguza matumizi yake, sera ya uchangiaji gharama ilianza kutekelezwa kwa hatua, ikimtaka mwanafunzi na familia yake kubeba sehemu ya gharama zilizokuwa zikilipwa na serikali peke yake. Katika muongo huohuo, chini ya Makamu Mkuu wa Chuo Profesa Mathew Luhanga, Dar es Salaam iliendesha mpango mkubwa wa mageuzi ya kitaasisi ulioongeza udahili, na ikaanzisha mafunzo ya awali kwa wasichana waliotaka kusoma sayansi, ili wale waliokosa alama kidogo wapewe matayarisho kabla ya kuingia. Mafunzo hayo yanastahili nafasi katika historia hii, kwa kuwa yalikubali hoja ambayo bado ina nguvu: mdondoko unaweza kuzuiwa kabla mwanafunzi hajaingia darasani.

Chimwaga, 2007

Wazo la kujenga chuo kikuu kikubwa Dodoma lilitokana na hesabu ya idadi ya watu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, ulijaza shule za msingi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004, ulifuatwa na ujenzi wa shule za kata nchi nzima. Na ilikuwa wazi kwamba baada ya miaka michache idadi kubwa ya wahitimu wa kidato cha sita ingebisha hodi kwenye vyuo vikuu vilivyojengwa kwa ajili ya wachache. Serikali ya awamu ya tatu chini ya Rais Benjamin Mkapa ililibeba wazo hilo, na serikali ya awamu ya nne chini ya Rais Jakaya Kikwete ikalitekeleza. Ukumbi wa Chimwaga wa Dodoma, ambamo Chama Cha Mapinduzi kilimteua Mkapa kuwa mgombea wake wa urais mwaka 1995, ulikabidhiwa kwa chuo kipya, na Mkapa mwenyewe akawa Mkuu wa Chuo wa kwanza. Profesa Idris Kikula, mtaalamu wa jiografia na mazingira aliyejulikana kwa utafiti wa mmomonyoko wa udongo katika milima ya Kondoa, aliteuliwa kuwa Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza na akakiongoza kwa takriban miaka kumi.

Ukubwa uliokusudiwa haukuwa na mfano nchini. Chuo kilipewa eneo la takriban hekta 6,000 mashariki mwa mji wa Dodoma, na mpango wake ulikuwa kufikia wanafunzi 40,000. Kwa kuwa bajeti ya serikali isingeweza kujenga kwa kasi iliyotakiwa, mifuko ya hifadhi ya jamii, ikiwemo NSSF, PPF na PSPF, ilitoa fedha za ujenzi kwa makubaliano kwamba serikali ingezirejesha. Majengo yalipangwa kwa ndaki, yaani sehemu kubwa za chuo zenye shule na idara zake, uongozi wake na mabweni yake: Ndaki ya Elimu, Ndaki ya Insia na Sayansi za Jamii, Ndaki ya Informatikia na ndaki nyinginezo za sayansi asilia, sayansi za afya na sayansi za dunia. Mwaka huohuo wa 2007 Muhimbili na Ardhi, zilizokuwa sehemu za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilipata hadhi ya vyuo vikuu kamili, kwa hiyo 2007 ni mwaka wa mabadiliko makubwa katika elimu ya juu ya umma.

Uamuzi wa kujenga mabweni ya kuchukua maelfu ya wanafunzi ndani ya eneo la chuo una thamani ambayo mara nyingi haitajwi. Mwanafunzi anayetoka Mkiwa au kata nyingine za Ikungi kama Mang'onyi au Sepuka kwenda Dodoma hana ndugu wengi wa kumpokea mjini, na kodi ya chumba, nauli za kila siku na usalama wa usiku ni miongoni mwa mambo ambayo humfanya mwanafunzi wa familia yenye kipato kidogo kukosa vipindi na hatimaye kukata tamaa. Bweni lililo karibu na darasa na maktaba humwondolea sehemu ya mzigo huo. Thamani hiyo iliongezeka baada ya mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi na nyumba za kupanga zikapata wapangaji wenye mishahara. Hata hivyo, eneo kubwa lilikuwa na taabu zake: ndaki ziko mbalimbali, na Dodoma ni nchi kavu ambako maji ya uhakika kwa maelfu ya watu wanaoishi pamoja ni kazi ya kila siku.

Kanuni za masomo na njia za kuanguka

Kudumu masomoni kunategemea kwanza kanuni ambazo mwanafunzi huzikuta chuoni. Chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, huweka viwango vya chini kwa vyuo vyote. Masomo hupimwa kwa krediti, ambapo krediti moja ni sawa na saa kumi za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo za mihadhara, semina, mazoezi na kujisomea. Mwaka mmoja una krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ina krediti 360. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anatarajiwa kutumia saa 1,200 kwa mwaka kwa masomo yake, na sehemu kubwa ya saa hizo ni nje ya ukumbi wa mihadhara. Matokeo hujumlishwa katika wastani wa alama unaofahamika kwa kifupi cha GPA, wenye kilele cha 5.0, na ili kuhitimu mwanafunzi anatakiwa kuwa na angalau 2.0.

Alama za kila somo hutokana na tathmini endelevu, yaani majaribio na kazi zinazofanyika katikati ya muhula, na mtihani wa mwisho. Anayefeli baadhi ya masomo hupewa mtihani wa marudio, ambao wanafunzi huuita sapu; akishindwa tena anaweza kulibeba somo hilo hadi mwaka unaofuata iwapo wastani wake unaruhusu; na wastani ukishuka chini ya kiwango huondolewa masomoni, jambo ambalo katika lugha ya wanafunzi huitwa kudisko. Ipo pia njia ya kuahirisha masomo kwa ugonjwa, uzazi au shida ya fedha, njia iliyowekwa kwa huruma lakini yenye hatari, kwa kuwa anayekwenda nyumbani kwa mwaka mmoja hukuta majukumu yanayomsubiri, na kurudi kwake huhitaji nauli, ada na moyo uleule aliokuwa nao mwanzo.

Mwaka wa kwanza ndio wenye hatari kubwa zaidi. Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akapita sekondari ya kata ambako Kiingereza kilikuwa lugha ya daftari zaidi kuliko ya mazungumzo, hufika chuoni akitakiwa kusikiliza mhadhara wa saa mbili, kusoma vitabu vizima na kuandika hoja ndefu kwa Kiingereza, huku akiwa katika ukumbi wenye mamia ya wenzake. Vyuo vikuu vya Tanzania hufundisha stadi za mawasiliano katika mwaka huo kwa sababu hiyo. Somo hilo husaidia, lakini haliwezi peke yake kufidia miaka ya walimu wachache, maabara tupu na vitabu vya kugawana. Wanafunzi wa namna hiyo wanapofeli katika muhula wa kwanza, si haki kuyachukua matokeo hayo kuwa ushahidi kwamba akili zao ni dhaifu. Yanapaswa kusomwa kama taarifa kuhusu njia waliyopitia, na kama wito kwa idara kuwafuatilia kabla ya muhula wa pili.

Mkopo na kalenda ya masomo

Fedha ndiyo sababu ambayo familia za Mkiwa huitambua kwanza. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, kwa hiyo Chuo Kikuu cha Dodoma kilizaliwa ndani ya mfumo wa mikopo na hakijawahi kuzijua zama za gharama zote kulipwa na serikali. Mkopo huo hugawanyika katika vipengele, vikiwemo ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, na mafunzo kwa vitendo, na kiasi cha kila mwanafunzi hutegemea tathmini ya uwezo wa familia yake. Fedha ya kujikimu, inayojulikana kwa wanafunzi kwa jina la bumu, ilikuwa kwa muda shilingi 8,500 kwa siku, na baadaye ikapandishwa hadi shilingi 10,000.

Mfumo huo uliwafungulia mlango maelfu ya vijana ambao bila yake wasingesoma kabisa. Udhaifu wake, kwa upande wa kudumu masomoni, umekuwa katika mambo mawili. La kwanza ni tathmini ya uwezo: kipato cha mkulima wa alizeti hubadilika kwa mvua na bei ya msimu, hakina hati ya mshahara, na familia inayoonekana kumudu asilimia fulani ya ada mwaka wa mavuno mema inaweza kushindwa kabisa mwaka wa ukame. La pili ni wakati: fedha inapochelewa kwa wiki kadhaa, kalenda ya masomo huendelea bila kuisubiri, na mwanafunzi asiye na akiba hukosa chakula, hukosa nakala za kusomea na wakati mwingine hushindwa kujisajili kwa mitihani. Migomo iliyotokea katika vyuo vya umma mwaka 2007 na 2008 ilihusu viwango vya mikopo, na madai ya fedha za mafunzo kwa vitendo yalizua migogoro Dodoma mwaka 2011. Kila mgogoro wa aina hiyo ulikula siku za masomo na kuwaweka baadhi ya wanafunzi katika hatari ya kusimamishwa, hivyo ucheleweshaji wa fedha uligeuka kuwa ucheleweshaji wa kuhitimu.

Serikali imerekebisha baadhi ya masharti. Makato ya marejesho kwa waajiriwa yalipandishwa mwaka 2016 hadi asilimia 15 ya mshahara, jambo lililoongeza makusanyo lakini likawabana wahitimu, na mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiongeza deni kila mwaka, iliondolewa. Hatua hizo zinahusu waliokwisha kuhitimu, lakini huwafikia pia walio njiani, kwa sababu mzazi anayemwona kaka wa jirani amekaa miaka mingi akilipa deni hufikiri mara mbili kabla ya kumhimiza bintiye aendelee.

Mei 2016

Hakuna tukio katika historia ya chuo hicho lililodhihirisha udhaifu wa kudumu masomoni kama lile la mwezi Mei 2016. Ili kupunguza uhaba wa walimu wa sayansi, hisabati na teknolojia ya habari katika shule za sekondari, serikali ilikuwa imeanzisha Dodoma stashahada maalumu ya ualimu, yaani mafunzo ya ngazi iliyo chini ya shahada, iliyowapokea vijana waliomaliza kidato cha nne. Mwishoni mwa Mei, baada ya walimu wa kozi hiyo kusitisha kufundisha kwa madai ya malipo yao, zaidi ya wanafunzi 7,000 walitakiwa kuondoka chuoni kwa muda mfupi sana, wengi wakiwa hawana nauli. Suala hilo lilijadiliwa bungeni, na mwezi Julai Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza mgawanyo mpya kwa kufuata ufaulu wa kidato cha nne: wachache walirejeshwa Dodoma, kundi kubwa likapelekwa katika vyuo vya ualimu, na wengine walioelezwa kuwa hawana sifa za kozi hiyo wakatakiwa kuomba mafunzo mengine.

Kwa kipimo cha idadi, tukio hilo moja liliondoa chuoni wanafunzi wengi kuliko ambavyo mitihani ya miaka kadhaa ingeweza kuwaondoa. Sababu zilianza mbali na wanafunzi wenyewe: programu kubwa iliyopangwa haraka, makubaliano ya malipo ya walimu yasiyotekelezwa, na sifa za kudahiliwa zilizohojiwa baada ya wahusika kukaa madarasani. Wanafunzi hao walifuata utaratibu ulioelekezwa na mamlaka, na walipokuja kuzungumziwa baadaye kama watu wasiostahili, aibu hiyo iliwaangukia wao na familia zao. Tukio hilo linastahili kukumbukwa katika kila maadhimisho ya chuo, kwa kuwa linatoa kanuni iliyo wazi: sifa za mwanafunzi hupimwa mlangoni, na akishaingia, taasisi na serikali zinabeba wajibu wa kumfikisha mwisho au kumpa njia mbadala kabla ya kumwambia aondoke.

Miaka minne baadaye chuo kilipata mtihani mwingine. Mwezi Machi 2020 vyuo vyote nchini vilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19 na kufunguliwa tarehe 1 Juni. Kufungwa huko kulikuwa kufupi kuliko katika baadhi ya nchi jirani, na muhula uliweza kukamilishwa kwa kubana kalenda. Hata hivyo kulionyesha tofauti kati ya mwanafunzi mwenye kompyuta na intaneti nyumbani na yule aliyerudi kijijini ambako hata umeme wa kuchajia simu hutafutwa dukani.

Namna ya kusoma takwimu za wahitimu

Katika kila mahafali hutangazwa idadi ya wahitimu, na idadi hiyo hupokewa kwa vigelegele. Inastahili furaha hiyo, lakini haitoshi kuonyesha kiwango cha kuhitimu. Ichukuliwe kwa mfano chuo kinachodahili wanafunzi 1,000 mwaka wa kwanza, 2,000 mwaka wa pili na 3,000 mwaka wa tatu. Mwishoni mwa mwaka wa tatu, kama 900 kati ya wale 1,000 wa mwanzo wanahitimu, kiwango cha kweli cha kuhitimu ni asilimia 90. Lakini anayegawanya wahitimu 900 kwa wanafunzi wapatao 6,000 walio chuoni ataona asilimia 15 na kudhani chuo kimeshindwa. Udahili unapopungua kosa hugeuka upande wa pili, na chuo kinachopoteza wanafunzi wengi huonekana kufaulu. Kwa chuo kilichokua kwa kasi ya Dodoma, kuufuata mkupuo mmoja tangu usajili hadi mahafali ndiyo njia salama.

Nchi nyingine zimelifanya jambo hilo kuwa wajibu wa kisheria. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1990, huvitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kutangaza sehemu ya mkupuo inayohitimu ndani ya asilimia 150 ya muda wa kawaida, yaani miaka sita kwa shahada ya miaka minne. Kwa shahada za miaka mitatu za Dodoma kipimo hicho kingekuwa miaka minne na nusu, muda unaompa nafasi aliyebeba somo au aliyeahirisha mwaka mmoja kwa uzazi au ugonjwa. Takwimu za namna hiyo zikigawanywa kwa jinsia, ndaki, mkoa wa asili na hali ya mkopo, zingeweza kuonyesha kama binti wa Ikungi anayesoma hisabati bila mkopo kamili ana nafasi sawa ya kuhitimu na mwenzake wa Dar es Salaam. Kipimo hicho kinahitaji tahadhari moja. Chuo kinaweza kupandisha kiwango chake cha kuhitimu kwa kuwakataa waombaji wa shule dhaifu au kwa kulegeza mitihani, na njia zote mbili ni hasara kwa umma: ya kwanza humfungia mlango mtoto wa maskini, ya pili humkabidhi cheti kisicho na uzito.

Mkiwa na kazi iliyobaki

Mazingira ya elimu ya juu katika kanda ya kati yamebadilika sana tangu 2007. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo mjini Singida kinachomwezesha mwalimu au mtumishi wa kata kusoma akiwa kazini, Chuo cha Uhasibu Tanzania kina kampasi mjini humo, na kufutwa kwa ada, kwanza katika sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016 na baadaye katika kidato cha tano na cha sita, kunaongeza idadi ya vijana watakaofika mlangoni mwa chuo kikuu. Wengi wao watakuwa wa kwanza katika koo zao kufika hapo. Mwanafunzi wa namna hiyo hana mzazi wa kumweleza namna ya kuchagua somo la hiari, kukata rufaa ya mkopo au kujiandaa kwa mtihani wa marudio, na mara nyingi huona aibu kuuliza. Mshauri wa taaluma, yaani mwalimu aliyepewa kundi la wanafunzi wa kuwasikiliza na kuwaongoza, ndiye anayeshika nafasi hiyo.

Chuo Kikuu cha Dodoma kimetimiza kwa sehemu kubwa lengo la kwanza la waasisi wake, ambalo lilikuwa kuwapokea wengi. Lengo la pili, la kuwafikisha wote waliopokelewa na wenye nia hadi mwisho, linadai mambo yanayoweza kufanyika: mkopo ufike kabla ya muhula kuanza, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza awe na mshauri anayemjua kwa jina, anayeanguka katika majaribio ya kwanza atafutwe kabla ya mtihani wa mwisho, anayeahirisha masomo aandikiwe na kuitwa arudi, na kiwango cha kuhitimu cha kila mkupuo kitangazwe kwa umma kila mwaka pamoja na idadi ya waliodahiliwa. Halmashauri ya Ikungi, shule zake za sekondari na wazazi wa Mkiwa nao wana sehemu yao, kwa kuweka orodha ya vijana wao walio vyuoni, kuwachangia katika mwaka wa mavuno mabaya, na kumpokea bila kumcheka yule aliyerudi kwa muda ili apate nguvu ya kwenda kumaliza. Wananchi walichanga kodi na akiba zao za uzeeni ili majengo ya Chimwaga yasimame. Wana haki ya kujua ni wangapi kati ya watoto wao waliyamaliza masomo yao ndani yake, na uongozi wa chuo una wajibu wa kuwaambia.